Kabla Mbogi Yenu Ipande Mlima Kenya, Soma Hii

Grupu yetu ya WhatsApp inaitwa Lenana Disemba. Tuko wasee tisa, na kwa wiki tatu hatujakubaliana kitu isipokuwa tarehe. Kuna mmoja anataka twende na treni. Kuna mwingine anauliza kama hema la watu watatu linaweza kulaza watano. Kuna wawili wanasema watatuma doh mwisho wa mwezi, na mnawajua hao wawili, kila grupu iko nao. Juzi jioni msee aliyejifanya mwenyekiti akatuma orodha: tochi ya kichwani, glovu, koti la mvua, soksi nzito jozi tatu, dawa ya kichwa, na mwisho kabisa, kwa herufi kubwa, KILA MTU ABEBE KIPANDE. Bila kipande, langoni unalipishwa kama mgeni kutoka ng'ambo.

Nikampigia shosho yangu simu. Anaishi Mathira, juu ya Karatina, mahali ambapo asubuhi isiyo na wingu ukifungua mlango mlima uko hapo unakuangalia. Nilitaka tu aniambie kuhusu baridi.

"Shosho, tunapanda mlima."

"Mlima gani, mzee wangu?" Huniita mzee wangu juu nilipewa jina la mume wake.

"Huo wenu. Kirinyaga."

"Mtaenda kutafuta nini huko?"

"Hakuna. Kutembea tu. Tulale huko, tuone jua likitoka, tupige picha, tushuke."

Akacheka sana. Kisha nikamsomea orodha, nikitegemea ataniambia niongeze sweta. Nilipofika mwisho akanyamaza, hadi nikadhani kredo imeisha.

"Kipande?" akauliza. "Hadi leo huo mlima unaitisha kipande?"

Swali hilo limenikalia kichwani hadi leo. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, na hata huko sikuwa nasoma historia, kwa hivyo usinichukulie kama profesa. Lakini nimekaa wiki mbili nikisoma kuhusu huu mlima badala ya kuhariri video, na nimeona tulikuwa tunapanga safari kama watu wanaoenda mahali ambapo hakujawahi kutokea kitu. Kama na nyinyi mko na grupu kama hii, na najua mko nayo, kaa hapa kidogo.

Jina lilikotoka

Wakikuyu wanauita Kirinyaga. Wakamba, ambao wanauona kwa mbali kutoka Kitui, wanauita Kiinyaa. Wamaasai wanauita Ol Donyo Keri, mlima wa mistari, ule weusi wa mawe ukichanganyika na weupe wa barafu. Tarehe 3 Desemba 1849 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, yule yule aliyetunga kamusi ya Kiswahili, aliuona akiwa Ukambani. Kabla ya hapo alikuwa ameshaambiwa habari zake na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba aliyekuwa akipeleka misafara hadi pwani. Krapf akaandika jina vile alivyolisikia kwa wenyeji wake, likazunguka likawa Kenia, na mwaka wa 1920 Waingereza wakalichukua wakaita koloni nzima hivyo.

Kwa hivyo lile neno lililoandikwa juu kabisa ya kitambulisho chako lilianza na Wakamba wakimwonyesha mgeni mlima.

Kitu cha kuchekesha ni kwamba Krapf alipopeleka habari Ulaya, kuna wasomi walikataa kumwamini. Theluji kwenye ikweta? Wakaona mzee ameota ndoto. Wakati huo kulikuwa na watu hapa ambao kwa vizazi walikuwa wakisali wakielekea huo mlima, wakiamini Ngai anakaa huko. Jomo Kenyatta alipoandika kitabu chake kuhusu Wakikuyu mwaka wa 1938, akakiita Facing Mount Kenya, alichukua jina kutoka kwa hicho kitendo.

Nimeweka hii mbele juu ya ile komenti ambayo lazima itakuja: "Hiking ni mambo ya wazungu." Buda, mlima ulikuwa na majina matatu, manne, kabla mzungu yeyote auone. Watu walikuwa wanaingia msituni kuchimba dawa, kurina asali, kuwinda. Kilichoanzishwa na wageni ni ile tabia ya kwenda hadi kwa ncha ya jiwe, kuweka bendera, na kuandika jina lako.

Watu 170 kwa ajili ya wanaume watatu

Aliyefika kwenye ncha kwanza, kulingana na vitabu, ni Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia kutoka Oxford. Ilikuwa 13 Septemba 1899, na alikuwa na waongozaji wawili wa milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Hao watatu ndio wanaotajwa. Sasa angalia hesabu ya msafara wenyewe ulipotoka Nairobi mwisho wa Julai mwaka huo: wazungu 6, Waswahili 66 kutoka pwani, Wakikuyu 96, na Wamaasai 2 wa kuongoza njia. Jumla 170.

Nairobi yenyewe ilikuwa na miezi michache tu, reli ikiwa imefika hapo Mei. Na huo mwaka ulikuwa mbaya sana. Kulikuwa na ukame, njaa, na ndui, na watu walikuwa wanakufa kote katika nchi ya Wakikuyu. Sasa chukua msafara wa watu 170 uupitishe katikati ya njaa hiyo, kila siku ukitaka kununua chakula kwa watu ambao wenyewe hawana. Chakula kiliisha. Ikabidi watu watumwe hadi Naivasha kutafuta kingine ndipo Mackinder aweze kurudi kujaribu kilele tena.

Kuna kitu kingine hapa, na ni kizito. Mackinder hakuchapisha kitabu cha safari hiyo maisha yake yote. Maandishi yake yalichapishwa 1991, miaka mingi baada ya kufa kwake. Watafiti waliopitia karatasi za msafara walikuta orodha ya wapagazi Waswahili, na kwa majina manane kumeandikwa kwamba walipigwa risasi kwa amri. Wanane. Mbele ya umma hakuyataja hayo.

Nilisoma hiyo sentensi mara tatu. Hao ni wasee ambao lugha yao ndiyo hii ninayoandika sasa. Walitoka pwani, wakapanda treni au wakatembea, wakabeba mahema na kamba za watu wengine hadi kwenye baridi ambayo hawakuwa wameivalia. Sasa ukipanda kwa njia ya Naro Moru, mahali utakapolala siku ya pili panaitwa Mackinder's Camp. Bonde lenyewe linaitwa Teleki, kwa jina la kabaila wa Hungaria aliyefika huko 1887. Upande wa Sirimon utalala Shipton's Camp, kwa jina la Eric Shipton, aliyepanda Batian na Nelion mwaka wa 1929 akiwa na Percy Wyn-Harris. Fungua ramani ya mlima, usome majina ya vibanda, mabonde na maziwa, kisha utafute jina la mpagazi mmoja.

Lenana ni nani?

Sisi wote tunasema "tunaenda Lenana" kama vile tunasema tunaenda Westi. Vilele vitatu vikubwa ni Batian, mita 5,199, Nelion, mita 5,188, na Lenana, mita 4,985. Viwili vya kwanza vinahitaji kamba na ujuzi wa kupanda mawe. Lenana unafika kwa miguu, ndio maana ndio kilele chetu.

Mackinder alivipa majina ya malaibon, viongozi wa dini wa Wamaasai. Batian ni Mbatian, mkubwa wao. Lenana ni mtoto wake, na wakati jina lake linawekwa juu ya jiwe alikuwa hai kabisa, akishughulika na serikali ya Mwingereza.

Mwaka wa 1904 Lenana na wazee wengine waliweka alama zao kwenye makubaliano. Wamaasai watoke kwenye malisho ya Bonde la Ufa, karibu na reli, na nusu yao wapewe Laikipia. Waliahidiwa kwamba hayo makubaliano yatadumu muda wote Wamaasai watakaokuwepo kama taifa. Yalidumu miaka saba. Lenana alikufa 1911, na mwaka huo huo yakaandikwa makubaliano mapya ya kuwatoa Laikipia pia. Familia na mifugo yao wakaswagwa kwenda kusini. Walijaribu kwenda kortini 1913, kesi ikatupwa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, sehemu ya ardhi ya Laikipia na Nanyuki ikagawiwa wanajeshi wazungu waliotoka vitani.

Sasa jiweke hapo juu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Umetetemeka usiku mzima, umefika Lenana, jua limetoka, kila mtu anapiga selfi. Geuka uangalie kaskazini magharibi. Hiyo tambarare kubwa ya rangi ya majani makavu ni Laikipia. Umesimama juu ya jina la mtu, ukiangalia ardhi ambayo watu wake waliambiwa itakuwa yao milele.

Na miji yake pia bado inaongea lugha yao. Nanyuki inatokana na neno la Kimaasai la rangi nyekundu. Naro Moru ni mawe meusi. Watu walihamishwa, majina yakabaki.

Hii miji midogo

Sisi tunaichukulia kama stage za kununua maji na kwenda chooni, na hiyo ni makosa.

Karatina, ukitoka Nairobi, simama hata nusu saa. Soko lake ni mojawapo ya makubwa kabisa katika eneo hilo, na ndizi na viazi vinavyoishia kwa sahani yako Nairobi vingi vimepita hapo. Wakati wa Vita vya Pili kulikuwa na kiwanda cha kukausha mboga za wanajeshi, na wakulima wa hapo wakajifunza kupanda kwa ajili ya soko la mbali.

Nanyuki ilikua na reli, iliyofika mwanzo wa miaka ya 1930 kutumikia mashamba ya wazungu. Hiyo reli ilikaa miaka mingi bila abiria kabla ya treni kurudi 2020. Ukitaka kuitumia, angalia ratiba kwanza, usiende stesheni na imani. Leo Nanyuki ni mji wa kambi za jeshi, kahawa ya bei ya Nairobi, na lile bango la ikweta ambapo mtu atakuonyesha maji yakizunguka ndani ya beseni. Mpe mia yake, ni kazi, lakini usiende ukaandike ati ni sayansi.

Na Nanyuki ndiko kulitoka safari ya ajabu kuliko zote. Wakati wa vita Waingereza walikuwa na kambi ya wafungwa Waitaliano hapo, Kambi 354. Mmoja wao, Felice Benuzzi, alikuwa akiuona mlima kila siku kutoka ndani ya seng'enge. Januari 1943 yeye na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, wakatoroka. Hawakutoroka kurudi kwao. Walitoroka kupanda mlima. Vifaa walitengeneza kwa siri kutokana na vyuma chakavu vya kambini, na ramani yao bora ilikuwa mchoro wa mlima kwenye lebo ya kopo la nyama. Batian iliwashinda. Wawili wao wakafika Lenana, wakaacha bendera ya Italia, wakashuka na njaa, na baada ya siku 18 wote watatu wakajirudisha wenyewe kambini. Wakapewa siku 28 za kizuizini, zikapunguzwa hadi 7, juu kamanda alipenda ule moyo wao wa kimichezo.

Naipenda hiyo stori, sitasema uongo. Lakini ishike kichwani, pamoja na hizo siku saba, uende kwa sehemu inayofuata.

Handaki

Miaka tisa baadaye, 20 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Wapiganaji wa Mau Mau waliingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Upande wa Mlima Kenya kamanda alikuwa Waruhiu Itote, Jenerali China, aliyekuwa amepigana Burma akiwa na sare ya Mwingereza. Mwaka wa 1953 misitu hiyo ikatangazwa eneo lililokatazwa. Mwafrika akionekana ndani, anaweza kupigwa risasi bila kuulizwa jina. Ndege za vita zikaangusha mabomu juu ya miti. Itote alinaswa Januari 1954, lakini vita havikuisha.

Kuanzia 1954 watu wakaondolewa kwenye maboma yao na kusukumwa ndani ya vijiji vya kulindwa. Ni zaidi ya watu milioni moja, katika vijiji zaidi ya 800. Kukawa na kafyu, minara ya askari, na seng'enge. Na kando ya msitu wa Mlima Kenya likachimbwa handaki la maili nyingi, likajazwa vigingi vilivyochongwa na seng'enge, ili chakula kisiwafikie wapiganaji. Halikuchimbwa na mashine. Lilichimbwa na wanakijiji bila malipo, na wengi walikuwa wanawake, juu wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni.

Shosho alikuwa na miaka kama kumi. Hili ndilo aliloniambia kwa simu, baada ya ile kimya.

Nyumba yao ilichomwa asubuhi, wakapewa muda wa kutoa sufuria na mbuzi. Mama yake alikuwa akiondoka na jembe kabla ya jua kutoka na kurudi jioni akiwa na udongo hadi kwenye kope. Kuni zilikuwa pale msituni, wanaziona. Mto walikuwa wanausikia usiku. Lakini ng'ambo ya handaki hakuna aliyekwenda. "Mlima ulikuwa hapo mlangoni," aliniambia, "na ulikuwa mbali kuliko Nairobi."

Na kipande? Hapo ndipo nilielewa ni kwa nini alinyamaza. Sisi tunasema kipande tukimaanisha ID, kama vile tunasema chapaa. Neno lina umri wa zaidi ya miaka 100. Baada ya Vita vya Kwanza kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alilazimishwa kubeba cheti cha usajili, chenye alama za vidole na jina la mwajiri, ndani ya kijikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Wengine walisema wamefungwa kengele kama mbuzi. Ukiacha kazi bila mwajiri kuweka sahihi, unashikwa. Mfumo huo ulibadilishwa baada ya Vita vya Pili, lakini wakati wa Hali ya Hatari Wakikuyu, Waembu na Wameru wakaletewa pasi nyingine, na bila karatasi sahihi ulikuwa huwezi hata kwenda kumwona dada yako kijiji cha pili. Watu hawakusumbuka kutafuta jina jipya. Kila karatasi ya kukuzuia ilikuwa kipande.

Kwa hivyo shosho aliposikia mjukuu wake anaambiwa abebe kipande ndipo aende mlimani, aliona picha moja tu: baba yake amepiga foleni mbele ya askari, akisubiri kuambiwa kama anaweza kupita.

Nilimweleza kwamba siku hizi ni kinyume. Kipande ndicho kinaonyesha mimi ni Mkenya, ndio nilipe kidogo. Akaniuliza kama askari wa hapo langoni ni Mwafrika. Nikasema ndio. Akauliza kama nikisema sitaki kurudi jioni atanipiga. Nikasema hapana shosho, nikilipia usiku tatu ni zangu.

"Basi nenda," akasema.

Bendera, halafu kimya

Desemba 1963 nchi ilipopata uhuru, Kisoi Munyao alibeba bendera mpya ya Kenya akaipandisha Lenana. Kabla ya hapo kilele hicho kilikuwa kimeona bendera ya wafungwa wa Italia, na sasa kikaona yetu. Huo mwezi huo huo kulikuwa bado na wapiganaji msituni. Field Marshal Musa Mwariama, kutoka Meru, alikuwa amekaa miaka yote hiyo kwenye msitu wa Mlima Kenya bila kunaswa, akatoka uhuru ulipofika. Hebu fikiria watu wawili kwenye mlima mmoja, msimu mmoja. Mmoja anapanda na bendera, mwingine anatoka kwenye miti na nywele za miaka kumi.

Alafu ikaja kimya. Mau Mau waliendelea kuwa kundi lililopigwa marufuku kisheria hadi 2003. Huo ni mwaka ambao wengi wetu tulikuwa tunazaliwa au tunatambaa. Yaani miaka 40 ya uhuru, na mzee aliyepigana anaweza kuitwa mwanachama wa kundi haramu. Si ajabu shosho hakuwahi kuniambia kuhusu handaki hadi nimpigie simu ya kuuliza sweta.

Sasa, plani

Sisemi usiende. Nasema nenda, tena nenda vizuri. Haya ndiyo tumekubaliana kwa grupu baada ya mimi kuwasumbua na voisi za dakika saba.

Njia ni tatu kubwa. Sirimon unaingilia upande wa Nanyuki, unapanda pole pole, na kwa anayeanza ni nzuri: usiku wa kwanza Old Moses, kama mita 3,300, wa pili Shipton's, kama mita 4,200. Naro Moru ni fupi na kali, unalala Met Station mita 3,050, alafu kuna lile tope la kupanda ambalo litakula kiatu chako. Chogoria, upande wa mashariki, ni ndefu na wengi wanasema ndiyo yenye mandhari bora kuliko zote. Wengi huenda kwa moja wakashuka kwa nyingine.

Usikimbie. Urefu wa huo mlima hauangalii kama unaenda jim. Weka usiku wa ziada, kunywa maji, na kama kichwa kinauma vibaya au mwenzako anaanza kutembea kama mlevi, anashuka, hata kama ni usiku na hata kama kilele kiko hapo. Hakuna selfi ya kumfaa mtu aliyejaa maji kwenye mapafu. Mvua za vuli zinaweza kuendelea hadi Disemba mwanzoni, kwa hivyo beba koti la kweli. Ada za KWS lipa kwa eCitizen, na angalia bei huko wenyewe, usitegemee bei ya video ya mtu ya mwaka juzi, ikiwemo yangu.

Usiende bila mwongozaji wa huko. Na hapa ndipo nilipigana na grupu. Kwenye bajeti yetu ya kwanza laini ya wapagazi ndiyo ilikuwa ya kwanza kukatwa bei. Tulikuwa tumeweka drone, tumeweka spika ya mziki, alafu tukaandika "porter, tutabargain." Nikawatumia ile hesabu ya 1899. Sasa tumekubaliana: tunauliza jina lake kabla ya bei, tunauliza mzigo utapimwa kilo ngapi, tunauliza kama ana koti na mahali pa kulala, na pesa yake inalipwa kwa mkono wake, mbali na ile ya kampuni. Nikiweka video, jina lake litakuwa kwa video, kama atakubali. Spika imebaki Nairobi.

Kitu kingine: barafu inaisha. Lewis, ile kubwa iliyo chini ya Lenana, imepungua vibaya sana tangu wakati wa Mackinder, na wengi wetu tutazeeka tukiwaonyesha watoto picha tu. Hiyo mistari ya Ol Donyo Keri, ule weupe ulioupa mlima jina, usikae ukingoja ukue na pesa ndio uende kuiona.

Na tumebadilisha njia. Tulikuwa twende moja kwa moja Nanyuki, tulale kwa Airbnb yenye dirisha la kupigia picha. Sasa Ijumaa tunashuka Karatina, tunapanda matatu ya juu, tunalala kwa shosho, tisa sebuleni. Jumamosi asubuhi atatupeleka pale handaki lilipopita. Anasema sehemu kubwa imefukiwa na watu wamepanda chai, lakini kuna mahali ardhi bado imezama kidogo, na yeye akipita hapo miguu inajua. Kisha tunaelekea lango la Naro Moru.

Ameniomba kitu kimoja. Tukifika juu, niangalie upande wa kusini magharibi, upande wao, niinue mkono. Nimemwambia hataniona. Amesema hajaomba kuniona.

Mwenyekiti ameshatuma orodha mpya. Kipande bado kiko, kwa herufi kubwa. Chini yake ameongeza: unga kilo nne, sukari kilo mbili, majani ya chai, vya shosho. Wale wawili bado hawajatuma doh.